Mafuta ya Breki Huzeeka Hata Gari Likiwa Limeegeshwa

Katika vimiminika vyote vya gari, mafuta ya breki ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Oili ya injini ina kibandiko chake chenye kilomita za servisi ijayo. Maji ya rejeta hukaguliwa alfajiri kabla ya safari ndefu. Mafuta ya breki yamo kwenye kidumu cha plastiki chini ya boneti, upande wa dereva, na mwenye gari anaweza kukaa nalo miaka mitano bila kuulizwa na mtu yeyote yalibadilishwa lini. Ninachotetea hapa ni kwamba mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na kwamba kwa gari la kawaida kazi hiyo inaweza kufanywa vizuri nyumbani, mwenye gari akiwa ndiye anayeshika spana. Sehemu ya kwanza haina ubishi mkubwa. Ya pili itawashtua wengi, kwa kuwa breki ni roho za watu, na mshtuko huo una haki ya kujibiwa kwa hoja.

Tuanze na kazi ya mafuta yenyewe. Dereva anapokanyaga pedali anasukuma pistoni ndani ya masta silinda. Pistoni inasukuma mafuta, nayo yanapita kwenye mabomba membamba hadi kwenye magurudumu manne, na huko yanasukuma pistoni nyingine zinazobana pedi kwenye diski au kutanua viatu vya breki ndani ya dramu. Breki zikishikwa kwa nguvu, shinikizo ndani ya mabomba hayo ni makumi ya mara ya lile lililo ndani ya tairi. Mpango wote unategemea jambo moja: kimiminika hakikubali kushindiliwa. Ukikisukuma huku, lazima kisukume kule. Hewa na mvuke ni kinyume chake, hukubali kushindiliwa kwa urahisi kabisa. Upepo kidogo tu ukiingia kwenye bomba, nguvu ya mguu huishia kuubana ule upepo, pedali huzama, na gari huendelea kwenda.

Hapo ndipo tabia ya mafuta ya breki inapoleta taabu. Mafuta yanayotumika katika magari mengi leo yametengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, nazo hunyonya unyevu wa hewa kama chumvi iliyoachwa wazi pwani. Unyevu hupenya polepole kwenye mipira inayounganisha mabomba na magurudumu, na huingia pia kupitia mfuniko wa kidumu, ambao una kitundu cha kupitisha hewa ili mafuta yaweze kushuka na kupanda. Mtu anaweza kuuliza kwa nini watengenezaji wasitumie mafuta yasiyonyonya maji. Jibu ni kwamba maji yataingia tu. Yakiingia kwenye mafuta yasiyochanganyika nayo, yatakusanyika mahali pa chini kabisa, na mahali hapo ni ndani ya kalipa, kando ya pedi, palipo na joto kuliko kwingine kote. Huko yatachemka kwenye nyuzi 100 na yatakula chuma kwa kutu. Mafuta yanayoyameza maji na kuyasambaza huchelewesha balaa hilo, lakini hulipia kwa kudhoofika yenyewe mwaka hadi mwaka. Ni mafuta yaliyotengenezwa kwa makusudi ili yabadilishwe.

Kudhoofika huko kuna vipimo. Kwa viwango vya Marekani, ambavyo ndivyo vinavyoandikwa kwenye chupa nyingi madukani, mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, na ya DOT 4 chini ya nyuzi 230. Yakishameza maji ya takriban asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140 kwa DOT 3 na nyuzi 155 kwa DOT 4. Maji hayo kidogo yameondoa zaidi ya nyuzi 60. Ukiyatazama mafuta hayo kwa jicho huwezi kuyatofautisha kwa uhakika na yaliyo salama. Rangi ikiwa nyeusi inakwambia kwamba yamechoka, lakini ikiwa bado ya dhahabu haikuhakikishii kwamba ni makavu.

Sasa mpeleke mwenye gari lenye mafuta hayo Lushoto. Kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo ni takriban kilomita 30 za kona, na tofauti ya kimo inazidi mita 800. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa lina nguvu ya mwendo ambayo breki huigeuza kuwa joto linaposimama. Ukifanya hesabu, gari hilohilo linaposhuka mita 800 huachia nguvu inayozidi ile ya kusimama ghafla mara 30 kutoka mwendo huo. Upepo unaolikabili gari hubeba sehemu, na injini hubeba sehemu kubwa zaidi endapo dereva ataweka gia ndogo. Dereva anayeteremka gia ikiwa huru, au anayekanyaga breki njia nzima, anaubwaga mzigo wote kwenye pedi na diski. Diski huweza kupita nyuzi 300, na joto hilo hupenya kwenye pedi, kisha pistoni, kisha mafuta. Na mafuta yaliyochoka yana ujanja mmoja wa hatari: mara nyingi huchemka baada ya mguu kuondoka kwenye pedali, kwa sababu shinikizo limeshuka wakati chuma bado kina moto. Dereva alishika breki vizuri kwenye kona iliyopita. Anapokanyaga tena, mguu unafika chini.

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kusema kwamba yeye hana mlima, safari zake ni za foleni, na breki zake hazipati moto wa namna hiyo. Ni kweli kuhusu moto, lakini unyevu wa pwani unafanya kazi yake usiku na mchana, na madhara ya maji hayaishii kwenye kuchemka. Mafuta mapya yana viambato vya kuzuia kutu, navyo huisha kwa muda. Vikiisha, kuta za masta silinda na pistoni za kalipa huanza kuliwa, pistoni hukwama, gari huvuta upande mmoja, na pedi za gurudumu moja huisha wakati za mwenzake bado nene. Kwenye gari lenye ABS, mafuta yaleyale hupita katika vali ndogo sana za kifaa ambacho bei yake inaweza kumfanya mwenye gari kuukuu afikirie kuliuza. Tena gari linaloegeshwa wiki nzima na kutoka Jumapili halipati nafuu yoyote katika hili, kwa kuwa unyevu hausomi kilomita. Ndiyo maana vitabu vya magari mengi hutaja muda, miaka 2 kwa watengenezaji wengi na miaka 3 kwa baadhi, hata kama gari limetembea kidogo.

Kuna sababu ya pekee ya jambo hili kutuhusu sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani. Kule gari dogo la binafsi hupita ukaguzi wa lazima likiwa na miaka 3 tangu liwe jipya, kisha kila baada ya miaka 2, na ni desturi ya karakana za huko kubadilisha mafuta ya breki wakati wa ukaguzi huo. Kwa hiyo gari limelelewa kwa ratiba, bila hata mwenyewe kujua kemia yoyote. Ratiba hiyo hukatika siku gari linapopandishwa melini. Mnunuzi wa hapa anabadilisha oili, anabadilisha tairi, anaweka redio. Kidumu cha mafuta ya breki kikiwa kimejaa, anaona kila kitu kiko sawa.

Kujaa kwa kidumu ndiko kunakodanganya wengi. Ukisikia mtu anasema mafuta ya breki ameyaongeza, elewa kwamba hajayabadilisha. Kidumu kimeshika sehemu ndogo tu ya mafuta, na yale yaliyo kwenye kalipa, yanayopata moto na kutu, hayazunguki kurudi juu kama oili ya injini. Hukaa palepale yakisogea mbele na nyuma kidogo. Kuongeza mafuta mapya juu hakuyagusi. Zaidi ya hapo, mafuta hushuka kwenye kidumu kwa sababu mbili: pedi zinakwisha, hivyo pistoni zimesogea mbele na mafuta yamezifuata, au kuna mahali panapovuja. Anayejaza kila mara bila kutafuta sababu anaizima ishara ambayo gari limejitahidi kuitoa.

Sasa ile hoja nzito: breki si mahali pa mtu kujifunzia ufundi. Naikubali nusu. Yapo makosa ya breki ambayo hayana msamaha, na asiyejua kuweka gari juu ya stendi asianze leo. Lakini tulinganishe hatari mbili kwa haki. Anayekosea katika kubadilisha mafuta kwa kawaida hufanya moja kati ya mawili: ameacha upepo ndani, au ameacha nipo, yaani skrubu ya kutolea mafuta kwenye gurudumu, bila kuikaza. Makosa yote mawili hujitangaza gari likiwa bado uani. Upepo hufanya pedali iwe laini na ishuke kila inapokanyagwa, nayo nipo iliyolegea hudondosha mafuta ambayo karatasi nyeupe iliyowekwa chini ya gurudumu huyaonyesha ndani ya dakika chache. Mafuta yaliyochoka, kwa upande wake, yanaweza kukupa pedali ngumu na ya kuaminika kila asubuhi, yakasubiri mteremko. Kati ya kosa linalojionyesha kabla geti halijafunguliwa na lile linalojionyesha kwenye kona za mlima Kitonga, sioni ugumu wa kuchagua lipi la kuogopa zaidi.

Wengine watasema fundi ni bei nafuu, kwa nini mtu ajichafue. Mwenye fundi mvumilivu ambaye atatoa mafuta ya zamani katika magurudumu yote manne amtumie, na akipata nafasi asimame pale atazame. Tatizo ni kwamba kazi hii haina alama ya nje. Gari lililofanyiwa kwa ukamilifu na lililonyonywa mafuta ya kidumuni tu likajazwa mapya hutoka gereji likiwa na sura ileile, pedali ileile, na kidumu kilekile chenye mafuta yanayong'aa. Penye foleni ya magari, haraka hupata ushawishi. Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko mitambo, na subira ndiyo mali ambayo mwenye gari anaweza kuwa nayo nyingi siku ya Jumamosi kuliko gereji yoyote.

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache: jeki na stendi imara, vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu, spana ya ringi inayoingia sawasawa kwenye nipo (kwa magari mengi ya Japani namba 8 au 10), mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa ya plastiki, bomba la sindano, vitambaa, maji ya kutosha, na chupa ya lita moja ya mafuta mapya ambayo lakiri yake haijakatwa. Hilo la lakiri nalisisitiza. Chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana imekuwa ikinyonya unyevu rafuni kama ambavyo ingenyonya ndani ya gari. Aina ya mafuta huandikwa kwenye mfuniko wa kidumu au kwenye kitabu cha gari. DOT 4 inaweza kuwekwa mahali pa DOT 3 katika magari mengi, lakini DOT 5, ambayo ni ya silikoni na hutiwa rangi ya zambarau, haichanganywi na hizo hata kidogo. Na mafuta ya usukani, ya giaboksi au ya injini yasikaribie kidumu hiki. Mipira ya ndani ya breki imetengenezwa ili ikae na glaikoli, ikiguswa na mafuta ya namna yoyote yatokanayo na petroliamu huvimba na kuharibika, na hapo hakuna dawa ila kufungua mfumo mzima na kubadilisha kila chenye mpira.

Kabla ya kutoa hata tone, legeza nipo zote nne kidogo kisha uzikaze tena. Watu huruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kupoteza muda, kumbe ndiyo inayookoa siku. Nipo ni kipande chembamba chenye tundu katikati, na baada ya miaka ya matope na mvua hushikwa na kutu. Ukiilazimisha hukatika, na ikikatika gari haliendi popote. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, piga kwa nyundo taratibu, tumia ringi na si spana ya mdomo wazi. Ikigoma, acha. Hujatoa mafuta, breki zako ziko kama zilivyokuwa, na unaweza kuliendesha gari polepole hadi kwa fundi mwenye vifaa vya kuishughulikia.

Zikilegea zote, nyonya mafuta ya zamani kidumuni kwa bomba la sindano bila kuufikia mlango wa masta silinda, kisha jaza mapya. Utaratibu wa kawaida ni kuanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu yenye usukani kulia hilo ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Magari mengine yana mpangilio wao, na kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Mpira uingie kwenye nipo, ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo yaliyo chupani ili hewa isirudi. Mtu wa pili akae kwenye kiti cha dereva, na wakubaliane maneno: aliye ndani anakanyaga polepole na kushikilia, aliye chini anafungua nipo robo mzunguko, mafuta yanatoka, anafunga, ndipo aliye ndani anaambiwa aachie. Akiachia kabla nipo haijafungwa, hewa inanyonywa ndani na kazi inaanza upya. Kwenye gari la miaka mingi wekeni kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho, kwa sababu sehemu ya mbele ya masta silinda ambayo pistoni haijaipita kwa miaka huwa na kutu inayoweza kuchana mipira yake. Kila baada ya mikanyago mitano au sita tazameni kidumu na kukijaza. Kikikauka mara moja tu, upepo umeingia kutoka juu. Endeleeni mpaka mafuta yanayopita kwenye mpira yawe na rangi ya yale mapya, bila viputo. Nipo zikazwe kwa nguvu ya kiganja na si ya bega.

Kuna magari ambayo sishauri kabisa yaguswe kwa njia hii. Toyota Prius, Aqua na magari mengine ya haibridi yana breki zinazoendeshwa na pampu ya umeme inayohifadhi shinikizo kubwa, na pampu hiyo inaweza kuamka kwa kufunguliwa mlango wa dereva tu. Hayo yanahitaji kompyuta ya uchunguzi na mtu anayeijua. Vivyo hivyo gari la ABS ambalo tayari limeingiza upepo ndani ya kifaa chake linaweza kukataa kutolewa upepo huo kwa mguu peke yake. Mafuta yanayobadilishwa bila kidumu kukauka hayalifikishi gari huko.

Mafuta haya huchubua rangi ya gari na ni sumu yakinywewa. Tone likianguka kwenye bodi limwagiwe maji mengi mara moja, kwa kuwa ukilifuta kwa kitambaa kikavu unalisambaza. Kazi ikiisha, injini iwashwe na pedali ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa kwa dakika moja nzima. Ikizidi kushuka, gari halitoki. Ikisimama imara, ikaguliwe kila nipo kwa karatasi, kisha gari litembezwe uani kwa mwendo wa mtu anayetembea na kusimamishwa mara kadhaa kabla ya kuingia barabarani. Siku hiyohiyo andika tarehe na aina ya mafuta kwenye kibandiko karibu na kidumu, ili atakayefungua boneti baada yako, awe fundi au mnunuzi, asilazimike kubahatisha. Mafuta ya zamani yafungwe kwenye chupa yake iliyoandikwa, mbali na watoto, bila kuchanganywa na oili chafu ya injini, na yapelekwe kwa wanaokusanya taka za namna hiyo badala ya kumwagwa mtaroni.